Kinywaji cha ndimu cha Brazili, na lile kopo la maziwa



Leo tuzungumze juu ya kinywaji. Usiogope, si pombe. Ni maji ya ndimu yaliyotiwa sukari na maziwa matamu ya kopo. Ukikichuja kinakuwa cheupe, chenye povu, laini kama tui la nazi. Ukikinywa kikiwa cha baridi wakati wa jua kali, utapenda kuongeza.

Kinywaji hiki ni cha watu wa Brazili. Brazili ni nchi kubwa ya Amerika ya Kusini. Ilitawaliwa na Wareno mpaka mwaka 1822, na mpaka leo watu wake wanasema Kireno. Wareno hao walifika pia katika pwani yetu zamani, wakatuachia maneno. Neno "kopo" ni la Kireno. Kwao lina maana ya bilauri ya kunywea. Kwa hiyo leo tunazungumza juu ya kopo na bilauri, na maneno yote mawili yana safari ndefu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba wenyewe Wabrazili wanakiita kinywaji hiki maji ya ndimu ya Uswisi. Uswisi haioti ndimu mashambani. Ni nchi ya baridi na theluji. Watu wengi wanasema jina lilitokana na maziwa ya kopo, kwa sababu kampuni ya Uswisi ndiyo iliyofungua kiwanda cha maziwa hayo katika mji wa Araras, Brazili, mwaka 1921. Basi kopo likakipa kinywaji jina la nchi ya mbali.

Mimi nilifundishwa na mpwa wangu. Alikuwa akifanya kazi ya jikoni katika hoteli mjini. Alipokuja likizo alitutengenezea, tukanywa, tukasifu. Siku ya pili nikasema nitatengeneza mwenyewe. Nilitwanga ndimu kwa nguvu zote, maganda na mbegu, nikatia maji, nikafunika. Nikaenda shambani. Jioni nilipochuja na kuwapa watoto, walitema. Kilikuwa kichungu kama mwarobaini. Mpwa wangu akacheka akasema, "Mjomba, hiki hakisubiri mtu."

Alisema kweli, na sababu yake ni hii. Ganda la ndimu lina mafuta yenye harufu nzuri. Ndiyo yanayokipa kinywaji hiki utamu wake wa pekee. Lakini ngozi nyeupe ya ndani, na mbegu, zina kitu ambacho kikikaa ndani ya maji makali ya ndimu hugeuka kuwa kichungu. Hakigeuki mara moja. Kinageuka polepole. Ndiyo maana unaweza kuonja sasa ukasema ni kitamu, na baada ya saa chache ukashindwa kumeza. Kwa hiyo kazi yote ni ya haraka: ponda kidogo, chuja upesi, kunywa siku ile ile.

Huko Brazili wanatumia mashine ya umeme ya kusagia matunda. Wanatia ndimu zilizokatwa vipande vinne pamoja na maganda yake, wanawasha mashine kwa sekunde chache tu, wanazima, wanachuja. Sisi wengi hatuna mashine hiyo wala umeme wa kuiendesha. Si neno. Wabrazili wenyewe wanajua pia kuponda ndimu na sukari kwa mchi mdogo. Kinu tunacho. Lakini kinu cha kutwangia vitunguu saumu na pilipili hakifai, labda ukioshe sana.

Tufanye hivi, kwa watu watano. Chukua ndimu 6 za kwetu. Ndimu za Brazili ni kubwa na hazina mbegu, kwa hiyo wao hutumia 3 au 4. Zioshe vizuri kwa maji safi na kuzisugua, kwa sababu ganda litaingia ndani ya kinywaji, na ganda hilo limeshikwa na mikono mingi sokoni. Ndimu 2 zikate ncha zote mbili, zipasue vipande vinne, toa ule uzi mweupe wa katikati na mbegu zote. Zitie katika kinu pamoja na vijiko 4 vikubwa vya sukari. Ponda taratibu, mara kumi hivi. Usitwange kama unatwanga mahindi. Unataka sukari inyonye mafuta ya ganda, hutaki ganda liwe unga. Ndimu 4 zilizobaki kamua maji yake tu, utupe maganda. Changanya vyote na lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chuja mara moja kwa chujio au kitambaa safi. Sasa tia vijiko 3 vikubwa vya maziwa matamu ya kopo, koroga kwa nguvu mpaka povu litoke. Kinywaji ni tayari.

Usikiweke katika sufuria ya alumini kwa muda mrefu. Ukali wa ndimu hula chuma hicho, na kinywaji kinapata ladha mbaya. Bakuli la kioo, la udongo au la plastiki linafaa zaidi.

Utaniuliza, kwa nini nisitumie maziwa ya ng'ombe wangu? Jaribu uone. Maziwa mabichi yakikutana na ndimu hukatika, yakawa mabonge na maji. Maziwa ya kopo yamechemshwa yakapunguzwa maji, tena yana sukari nyingi, kwa hiyo yakikutana na ndimu huwa mazito badala ya kukatika vibaya. Kama huna kopo, tumia tui la nazi, lile la kwanza. Wacolombia wa upande wa bahari wanatengeneza maji ya ndimu kwa nazi, na ni matamu kweli. Kwa maoni yangu mwenye minazi nyumbani hana haja ya kwenda dukani kununua kopo. Lakini tui nalo halikai. Linywe siku hiyo hiyo.

Sasa maji. Nimesema yawe yamechemshwa. Wapo wanaosema, "Ndimu ni kali, inaua vijidudu, hakuna haja ya kuchemsha." Maneno haya yana ukweli kidogo, na ukweli kidogo ndio unaowapoteza watu. Ni kweli kidudu cha kipindupindu hakipendi vitu vikali. Katika miaka ya 1990 wataalamu walichunguza jambo hili Guinea-Bissau, wakaona kwamba waliotia maji ya ndimu katika mchuzi wa kulia wali hawakupata kipindupindu kama wengine. Lakini ule ulikuwa mchuzi, ndimu ilikuwa nyingi ndani ya kitu kidogo. Sisi tumetia ndimu 6 katika lita nzima, tukatia sukari na maziwa. Tena viko vijidudu vingine vingi visivyojali ukali huo. Kwa hiyo chemsha. Maji yatokote kwa dakika moja kamili, na walio kwenye milima mirefu wayaache dakika tatu. Na barafu je? Barafu iliyotengenezwa kwa maji mabichi ni maji mabichi yaliyoganda. Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini unapoza maji vizuri, tena bila gharama.

Liko jambo jingine ninalolisikia hasa kwa wasichana na wajawazito. Wanaambiwa ndimu hukausha damu. Ndugu, hili si kweli. Ndimu, machungwa, malimau na mapera yana vitamini C. Vitamini hii inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka katika maharage, kunde, na mboga za majani, na madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Mwanamke anayekula ugali na maharage kisha akanywa maji ya ndimu anaisaidia damu yake. Anayekula maharage hayo na kunywa chai papo hapo anaizuia, kwa sababu chai inashika chuma hicho kisiingie mwilini. Tumegeuza mambo: tunaogopa ndimu na tunaamini chai.

Lakini pamoja na chakula kunywa maji ya ndimu matupu, bila maziwa. Maziwa nayo yanapunguza kidogo uingiaji wa chuma. Na nisikudanganye: kinywaji hiki cha Brazili si dawa. Chungwa moja zima lina vitamini C kushinda kikombe chake. Hiki ni kinywaji cha furaha, cha siku ya sikukuu, cha wageni.

Nasema cha sikukuu kwa sababu ya sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vizuri zaidi mtu mzima asizidishe kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Hizo ni vijiko 6 vya chai. Kikombe kimoja kwa vipimo nilivyokupa kina kama vijiko 4. Vikombe viwili vimekwisha kuvuka. Nao wapo wanaotia nusu kikombe cha sukari na nusu kopo la maziwa katika lita moja. Hesabu nimefanya: kikombe chao kina karibu vijiko 10. Mwenye ugonjwa wa kisukari asikiguse. Watoto wakinywa, wasukutue kwa maji safi, kwa maana ukali na utamu vikikaa pamoja huharibu meno.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kopo la maziwa matamu lina kama gramu 400. Kinywaji chetu kimechukua vijiko 3. Kopo limebaki mezani, karibu limejaa. Ndani ya nyumba yumo mtoto wa miezi mitatu analia. Mama amechoka, ana kazi shambani, na mtu anamwambia, "Si kuna maziwa hapo? Changanya na maji umpe."

Nimeliona kwa macho yangu. Mtoto wa jirani alipewa maziwa hayo yaliyotiwa maji mengi ili kopo lidumu. Mwanzoni kila mtu alifurahi, maana mtoto alipenda utamu na alinyamaza. Baada ya wiki chache alianza kuhara, akakonda, macho yakaingia ndani. Mama yake alipoambiwa kliniki aache kopo na kumrudisha kwenye titi, alilia. Alisema hakuna aliyemwambia. Mtoto alipona, lakini kwa shida.

Sababu si ngumu. Zaidi ya nusu ya uzito wa maziwa yale ni sukari. Ukiyazimua kwa maji mpaka utamu upungue, mtoto anakunywa maji ya sukari yenye rangi ya maziwa. Hapati cha kujenga mwili. Na maji na chupa vikiwa vichafu, anapata kuhara juu ya njaa.

Jambo hili si jipya. Daktari Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaica, alifanya kazi Ghana katika miaka ya 1930, wakati ilipoitwa Gold Coast. Yeye ndiye aliyewaeleza madaktari wa dunia ugonjwa wa kwashiakoo. Kisha akahamia Malaya, akaona watoto wachanga wanakufa kwa kulishwa maziwa matamu ya kopo. Mwaka 1939 alisimama Singapore mbele ya wakubwa wa mji, akatoa hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji". Ni jina kali, lakini alikuwa ameshaona watoto wengi. Mwaka 1981 nchi za dunia zilikubaliana juu ya kanuni za kuzuia matangazo ya vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Miaka mingi imepita tangu hotuba ile, na kopo bado linawekwa mbele ya mtoto.

Mtoto mchanga anatosheka na titi la mama peke yake miezi 6 ya kwanza. Hahitaji hata maji. Baada ya hapo apewe uji na vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Kama mama hana maziwa ya kutosha, au ameaga dunia, msiamue wenyewe nyumbani. Mpelekeni mtoto kliniki.

Sisemi usinunue kopo. Nimekwisha kukueleza namna ya kulitumia, na mimi mwenyewe nalinunua siku ya sikukuu. Ninalosema ni kwamba wewe sasa unajua kusoma. Lishike kopo, ligeuze, lizungushe pole pole. Mengi yameandikwa kwamba maziwa hayo si ya kuwalisha watoto wachanga. Maandishi ni madogo sana, kuliko jina la kampuni na picha, na mara nyingi ni ya lugha ya kigeni. Kwa maoni yangu yangepaswa kuwa makubwa kama jina lenyewe, na yawe ya Kiswahili. Mpaka hapo, msomee jirani yako ambaye bado hajajifunza.

Na maziwa yanayobaki katika kopo lililofunguliwa, yahamishie katika chupa safi ya kioo yenye kifuniko. Sukari yake inayazuia kuoza upesi, lakini si kuwazuia sisimizi, kwa hiyo weka chupa ndani ya sahani yenye maji. Yatumie katika siku chache, kwenye chai ya wakubwa. Chupa uiweke juu, mahali ambapo anayebembeleza mtoto usiku hataifikia kwa urahisi.