Fedha za Chama cha Muziki: Tununue Vyombo Gani?

Kabla ya muhula huu kwisha, Chama chetu cha Muziki kitapiga kura juu ya fedha kilizonazo, ambazo ni michango ya wanachama pamoja na tuzo tulizopewa kwa kuimba katika sherehe za majirani. Wenzangu wengi wanataka tununue spika kubwa ya kutumia siku ya mahafali. Mimi nasema tununue vyombo vya kurekodia gitaa na sauti ya mwimbaji. Naomba wasomaji wanisikilize kabla ya kuamua.

Spika yaweza kukodiwa kwa siku moja, na mahafali yakiisha sauti yake nayo imekwisha. Wimbo uliorekodiwa hubaki. Sisi wa Tabora tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Edison alitengeneza mashine yake ya kwanza ya kunasa sauti mwaka 1877, wakati misafara ya pwani na Ujiji ilipokuwa ikipita hapa petu Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njia nzima, lakini chombo hicho hakikuwa mikononi mwao. Habari za nyimbo zao twazisoma katika vitabu vya wageni. Lakini bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz twazisikia hata leo, kwa kuwa zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam.

Wako wanaosema, ati kurekodi ni kazi ya studio kubwa, nasi hatuna fedha hizo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Katanga ambao sasa huitwa Likasi. Alikuwapo mtu mmoja na gitaa lake, naye Tracey alikuwa na desturi ya kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza palipo na sauti aliyoitaka. Wimbo huo, "Masanga", wapigaji gitaa wa nchi nyingi wanajifunza mpaka leo. Basi uchache wa vyombo si kizuizi. Kinachotakiwa ni kujua cha kununua kwanza na cha kuacha.

Jambo la kwanza halina gharama, nalo ni chumba. Darasa lenye kuta tupu za saruji hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia katika wimbo ni vigumu mno kuutoa. Stoo ya magodoro ya bweni ni bora kuliko darasa lolote, maana magodoro humeza mwangwi. Tena turekodi wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua juu ya bati haimwachii mwimbaji nafasi.

La pili ni nyuzi mpya za gitaa. Nyuzi zenye kutu hutoa sauti iliyofifia, na hapana mashine iwezayo kuzifanya mpya.

La tatu ni maikrofoni, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Ziko aina mbili kubwa. Maikrofoni ya kondensa ina utando mwembamba sana, na kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 48 kutoka katika chombo kinachoiunganisha na kompyuta. Hunasa sauti ndogondogo za nyuzi kwa uzuri, lakini pia hunasa jogoo, pikipiki na kelele za jikoni. Maikrofoni ya dainamiki ina koili ndogo inayotikisika ndani ya sumaku kwa nguvu ya sauti yenyewe. Haihitaji umeme huo, ni ngumu, na haisikii sana mambo ya mbali. Nakubali kwamba kwa gitaa peke yake, katika chumba kimya, kondensa nzuri huishinda. Lakini sisi hatuna chumba kimya, na mikono itakayoishika ni mingi. Nashauri tununue dainamiki moja iliyo nzuri, pamoja na stendi yake.

La nne ni saundi kadi ya nje, yaani kisanduku kinachogeuza sauti ya maikrofoni iwe tarakimu za kompyuta. Yenye matundu mawili yatosha. La tano ni hedifoni za kufunika masikio, ili sauti isivuje ikarudi katika maikrofoni. Programu ya Audacity hutolewa bure, nayo hufanya kazi hata katika kompyuta ya kawaida kama zile za maabara yetu. Hapo ndipo orodha yangu inapokoma.

Wengine watauliza, je, simu ya mwalimu haitoshi? Kwa kujifunza yatosha, wala siidharau. Lakini simu nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe, hata mahali mpigaji alipokusudia kupiga polepole hupazwa sawa na mahali pa nguvu.

Kwa kuwa maikrofoni itakuwa moja, turekodi gitaa kwanza, kisha sauti. Tuiweke kiasi cha sentimeta 20 kutoka mahali shingo inapokutana na sanduku la gitaa, si mbele ya tundu, ambako hutoka mvumo mzito. Mwimbaji naye asimame mbali nayo kiasi cha shubiri moja, kwani akiikaribia mno sauti yake itakuwa nzito kupita kiasi. Lakini mzee aliyezoea kupiga huku akiimba tusimtenganishe na gitaa lake. Tuisogeze maikrofoni mpaka vyote viwili vilingane. Kisha nakala zihifadhiwe katika flashi mbili, zikae mahali pawili.

Sisi wa kidato cha nne tutaondoka baada ya mtihani wa Novemba, kwa hiyo vyombo hivi tutavitumia kwa muda mfupi tu. Hata hivyo kura yangu ni hiyo. Katika vijiji vinavyotuzunguka wako wazee wanaojua nyimbo za kulima, za harusi na za safari, na wengine wao hupiga gitaa pia. Wazazi mnaosoma gazeti hili mnawajua kwa majina. Tukinunua spika, watakuja kutusikiliza siku moja. Tukinunua maikrofoni, tutaweza kuwasikiliza wao, na watakaosoma hapa baada yetu watawasikia pia.