Miaka 17 ya mhandisi: Mwanafunzi asipotelee mpakani

KILA Agosti, mwaka mpya wa masomo unapoanza Chuo Kikuu cha Makerere, mitaa ya Wandegeya na Kikoni hapa Kampala hujaa vijana wenye mabegi wanaotafuta vyumba. Ukipita kwenye vibanda vya chapati utasikia Kiswahili cha Kisumu, cha Goma na cha Juba. Baadhi ya vijana hawa wamekuja kusomea uhandisi na sayansi. Jumuiya ya Afrika Mashariki tunayoizungumza katika mikutano, wao tayari wanaiishi.

Lakini kabla ya kuingia darasani, wengi hukutana na kizingiti ambacho viongozi wetu hawajakiondoa.

Chukua mfano wa kijana aliyemaliza kidato cha nne Kenya akiwa na A ya hisabati na A ya fizikia. Nyumbani, cheti chake cha KCSE kinamruhusu kuomba shahada ya uhandisi moja kwa moja. Akivuka Busia na kufika Kampala, anaambiwa bado. Uganda inatambua cheti cha kidato cha sita, UACE, na yeye kidato cha sita hakukisoma, kwa sababu Kenya ilikifuta. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanyika huko mwaka 1989. Sasa atafute kozi ya mwaka mmoja ya cheti cha maandalizi, ailipie, aifaulu, ndipo aombe tena. Mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya ada ya mwaka wa kwanza anajikuta analipia mwaka ambao hakuupangia.

Wakenya wengi huliona jambo hili kuwa dharau. Waganda nao husema wanalinda viwango. Mimi naomba tufanye hesabu kwanza.

Nchini Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi alisoma miaka 8 ya msingi na 4 ya sekondari. Shahada ya uhandisi huko ni miaka 5. Jumla ni 17. Nchini Uganda ni miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya chini, 2 ya juu, na shahada ya uhandisi ya miaka 4. Jumla ni 17. Tanzania, kwa mpangilio tuliouzoea, ni 7, 4, 2 na 4. Nako ni 17.

Kwa hiyo hakuna aliyemzidi mwenzake. Nchi zote tatu zilikubaliana, bila hata kukaa mezani, kwamba mhandisi hupikwa kwa miaka 17. Tofauti ni mahali mwaka mmoja ulipowekwa: Kenya iliuweka ndani ya chuo kikuu, Uganda na Tanzania zikauacha shuleni. Anayetoka mfumo mmoja kwenda mwingine ndiye anayeukosa au anayeurudia. Mkenya akija Kampala anapungukiwa mwaka. Mganda mwenye kidato cha sita akienda Nairobi anakaa darasani akirudia mengi aliyokwisha kuyasoma.

Kwa maana hiyo Kampala haikosei kudai mwaka wa maandalizi. Mhadhiri wa mwaka wa kwanza wa uhandisi hapa huanza somo akiamini kwamba wanafunzi wake wametumia miaka miwili kwenye hisabati, fizikia na kemia karibu peke yake. Anaamini wanajua kalkulasi, vekta na namba changamano, na kwamba mikono yao imezoea vipimo vya maabara. Kumwingiza mtu ambaye hajafika hapo ni kumtega. Atafeli muhula wa kwanza, atabeba masomo ya kurudia, na huenda akarudi nyumbani akidhani hana akili, kumbe aliruka ngazi moja tu.

Kosa letu liko kwingine. Mwaka huo wa maandalizi tumeuacha bila mwenyewe. Kila chuo kinaupanga kivyake, kinaufundisha kivyake, na hakuna uhakika kwamba cheti chake kitaheshimiwa ng'ambo ya mpaka. Mwanafunzi anayeuona kama tiketi ya kuingilia tu naye hutafuta tiketi ya bei nafuu, wala haulizi kama ndani yake kuna maabara.

Haikuwa hivi siku zote. Kati ya 1963 na 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Udaktari ulifundishwa Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Mganda aliyetaka kuwa mhandisi alipanda treni kwenda Nairobi, wala hakuulizwa mwaka wa ziada, kwa kuwa mfumo wa shule ulikuwa mmoja. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Baadaye kila nchi ikaenda njia yake: Tanzania ikaunda NECTA mwaka 1973, Kenya ikaunda KNEC mwaka 1980, Uganda ikaunda UNEB mwaka 1983. Tuligawana mitihani kama ndugu wanaogawana shamba, na watoto wetu wakabaki kwenye mipaka ya viambo.

Tangu hapo tumejaribu kurudi pamoja. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Wahandisi waliokwisha kusajiliwa wana makubaliano ya kutambuana tangu 2012. Yapo pia masomo ya uzamili yanayofadhiliwa kwa fedha za Ujerumani. Yote ni mema, lakini yanamsaidia aliyekwisha kuvuka mto. Anayesimama ukingoni na cheti cha sekondari mkononi hajawekewa daraja.

Na ugumu unazidi. Kenya imeanza mtaala mpya, na kundi la kwanza limeingia sekondari ya juu Januari 2026. Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020. Tanzania imeamua elimu ya msingi iwe miaka 6 badala ya 7. Kongo, iliyojiunga mwaka 2022, inafundisha kwa Kifaransa. Hesabu yetu ya 17 itavurugika kabla hatujaitatua.

Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake hapa hapa Kampala. Ninalishauri mambo matatu.

Kwanza, liandike mtaala mmoja wa mwaka wa maandalizi ya sayansi na uhandisi: hisabati, fizikia, kemia, uchoraji wa kihandisi na saa za kutosha za maabara na karakana. Chuo kisicho na maabara kisiruhusiwe kuufundisha.

Pili, kipimo kiwe anachokijua mwanafunzi, si idadi ya miaka. Mnyarwanda huingia chuo baada ya miaka 12, lakini mitatu ya mwisho huwa amejikita katika masomo aliyoyachagua. Uwepo mtihani wa kupima. Anayejua aingie mwaka wa kwanza, asiyejua afundishwe, na cheti cha mwaka huo kikubalike katika nchi zote wanachama.

Tatu, lugha isisahaulike. Kijana wa Bukavu anaweza kuijua kalkulasi vizuri kabisa kwa Kifaransa, akashindwa kusoma swali la Kiingereza. Huyo hahitaji kurudia hisabati, anahitaji miezi michache ya Kiingereza cha maabara. Kiswahili, ambacho tayari anacho, kinaweza kuwa lugha ya kumfafanulia. Baraza la mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Hapa kuna kazi yake ya kwanza ya maana.

Wapo watakaosema fedha hazipo. Lakini gharama inalipwa tayari, na wanaoilipa ni wazazi, mmoja mmoja, kila mwaka. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, na reli ya kisasa inayotakiwa kuunganisha Malaba na Kampala, vitahitaji wahandisi wa kuvitunza kwa miongo mingi. Mabomba na reli tunajua kuvivusha mpaka. Tumvushe na kijana atakayevitunza, bila kumdai mwaka ambao sisi wenyewe tuliupoteza.