Kijana Mwandishi wa Hadithi Asiachwe Peke Yake



Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja baada ya sala ya Isha, akaomba tumpe nafasi ya maneno mawili. Mchana ni fundi seremala, na kazi yake ni njema. Akatwambia ya kuwa kila usiku huandika hadithi katika simu yake, kisha huwapelekea wenziwe wanane, nao humpelekea zao. Mmoja yuko Tanga, mwingine Lamu, mwingine anafanya kazi Maskati. Wengi wao hajapata kuonana nao uso kwa uso. Husomeana, husahihishana, na aliyekawia kuandika huulizwa hali yake. "Maalim," akasema, "baba asema napoteza wakati, na shemeji yangu asema hadithi za kubuni ni uongo, na uongo ni haramu. Nifanyeje?"

Hatukumjibu papo hapo, kwani suali lake lilitukumbusha deni letu la zamani. Yapata miaka ishirini iliyopita tulimkuta msichana mmoja chuoni ameinamia daftari, na hali wenziwe wanadurusu. Tukamnyang'anya. Usiku tukalifungua, tukakuta ni hadithi ya mvuvi aliyepoteza chombo cha watu, akaona haya kurudi kwao. Hatukuizima taa mpaka tulipojua kama alirudi. Asubuhi tulimrudishia daftari lake, tukamwambia neno moja tu: asilete tena upuuzi ule chuoni.

Mwaka jana mwanamke huyo alikuja kumtia mwanawe chuoni. Tukamuuliza kama bado aandika. Akasema kwa upole, "Maalim, daftari lile niliwashia moto siku ile ile. Nilijua kuwa umelisoma, kwani ulikunja pembe ya karatasi ya mwisho. Nikasema, ikiwa Maalim amesoma mpaka mwisho naye aona ni upuuzi, basi ni upuuzi."

Ndugu wasomaji, kumkataza kuandika wakati wa darsa ilikuwa haki yetu. Lakini kuita upuuzi kitu tulichokisoma mpaka mwisho haikuwa haki. Na huo uongo, ukitafutwa, ulikuwa kinywani mwetu, si katika daftari la mtoto.

Basi tulitazame hilo neno la uongo. Uongo ni kumpa mtu khabari isiyokuwa ili aisadiki kuwa imekuwa. Mwenye kutunga hadithi hamdanganyi mtu, kwa kuwa msomaji ajua tangu mwanzo kuwa hii ni hadithi. Visa vya Qur'ani ni vya haki tupu, wala havifananishwi na vya kubuni. Lakini vyatufunza kuwa moyo wa mwanadamu huonyeka kwa kisa kuliko kwa amri peke yake. Na Waislamu waliotutangulia walitunga. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki 1122, alitunga makama khamsini za mtu mjanja mwenye ulimi mtamu, na wanavyuoni wakazisomesha kwa ufasaha wake. Ibn Tufayl wa Andalusia, tabibu aliyefariki 1185, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyekulia peke yake kisiwani mpaka akamjua Mola wake kwa kufikiri. Kilicho kibaya katika hadithi ni kile kilicho kibaya katika mazungumzo: matusi, uchafu, kumvunjia mtu heshima yake, na kuupamba ufisadi ukapendeza. Mwenye kujiepusha na hayo, kalamu yake ni halali kama randa ya yule seremala.

Lakini jambo tulilotaka khasa kulisema ni la pili, nalo ni kutiwa moyo. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa ya kuwa sahaba Al-Sharid alipanda nyuma ya Mtume, sala na salamu zimshukie, akaulizwa kama ahifadhi mashairi ya Umayya bin Abi Al-Salt. Akasema, naam. Akaambiwa asome. Akasoma ubeti mmoja, Mtume akamtaka aendelee. Akasoma mwingine, akamtaka aendelee. Hata ikatimia beti mia. Zingatieni, ndugu zetu. Umayya hakufa Mwislamu, na msikilizaji alikuwa mbora wa viumbe, mwenye kazi nzito kupita zote. Naye hakuona taabu kusema endelea mara kwa mara. Sisi je, mtoto wetu akituletea ukurasa mmoja, hushindwa kuusikiliza?

Kuandika ni kazi ya upweke. Seremala akitengeneza mlango, watu hupita wakauona. Mwenye kuandika hadithi hukaa usiku na maneno yake, wala hajui kama yamesimama au yameanguka mpaka apate msomaji. Ndiyo maana wengi huacha: si kwa kukosa kipaji, bali kwa kukosa mtu wa kuwauliza, "Kisha ikawaje?"

Marehemu Muhammad Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa bwana afya Unguja kabla ya kuingia kazi ya magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958, ikachapishwa 1960, na baada yake akaandika nyingine kadha wa kadha. Mashindano yale yalikuwa ni watu kusema: tuleteeni, tutasoma. Na asidhani mtu kuwa jambo hili ni la wanaume tu. Bibi Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar alipata tuzo ya Mabati-Cornell ya 2018 kwa riwaya yake Mungu Hakopeshwi. Huenda binti kama yeye amekaa jikoni kwako sasa hivi na daftari lake.

Kwa hivyo twawausia vijana waliokusanyika kwa ajili ya kalamu, ikiwa barazani au kwa simu. Msisifiane ovyo, kwani anayesifiwa kwa kazi mbovu huibiwa nafasi ya kujifunza. Wala msichekane, kwani kicheko kimoja huua alichojenga mtu kwa mwaka mzima. Muumini ni kioo cha nduguye: kioo huonyesha doa, wala hakipigi kelele. Semeni kwanza lililokufaeni, kisha lililokushindeni. Msimfungulie siri zenu wala picha zenu mtu msiyemjua, khasa nyinyi mabinti. Na mtu akianza kutaka lisilokuwa hadithi, mwacheni. Sala isicheleweshwe kwa ajili ya sura ya tano, wala kazi ya mtu isilale.

Nanyi wazazi, kabla hamjasema kuwa mtoto apoteza wakati, mwambieni akusomeeni. Mkiona ubaya, mtamkanya kwa kujua. Mkiona uzuri, semeni. Neno zuri ni sadaka, na sadaka huanza kwa walio karibu.

Yule kijana tulimjibu hivi: sali, fanya kazi yako, mheshimu baba yako, na uendelee. Kisha tukamtaka atusomee hadithi aliyokuwa nayo. Alisoma mpaka usiku ukawa mkubwa, na palipokuwa na kasoro tulimwonyesha. Wiki ya pili alimleta baba yake, mzee akakaa kimya kusikiliza. Alipoondoka aliuliza yule mjane wa hadithini atapataje kodi ya nyumba.

Na yule mwanamke tulimwomba radhi, akaturadhia. Tukampa daftari jipya. Alilipokea, akalitia mkobani mwake pamoja na juzuu ya mwanawe. Kama ameandika humo au la, hajatwambia, nasi hatujamuuliza. Lakini twamwombea Mungu amrudishie tulichomzimia.

Mwenyezi Mungu azitakase kalamu za vijana wetu, na atujaalie sisi wakubwa tuwe wasikilizaji wema. Amin.