Nakata alijichagulia siku ya kuondoka, aheshimiwe

Juni 22, 2006 jijini Dortmund, Japan ilichapwa mabao 4-1 na Brazil ikaaga Kombe la Dunia. Wenzake wakielekea vyumbani, Hidetoshi Nakata alibaki amelala katikati ya uwanja. Julai 3 akatangaza kupitia tovuti yake kwamba ametundika daruga. Alikuwa na miaka 29 tu.

Mpaka leo wapo mashabiki wanaosema aliwakimbia. Kwamba kiungo wa umri ule, aliyecheza Kombe la Dunia mara tatu, alikuwa bado na deni kwao.

Deni gani? Alipotua Perugia mwaka 1998, wapo waliodhani kaletwa Italia kuuza jezi tu kule Asia. Mechi yake ya kwanza Serie A ilikuwa dhidi ya Juventus, bingwa mtetezi, akaifunga mara mbili. Perugia ililala 4-3, lakini maneno yalipungua. Msimu ule alimaliza na mabao 10 ya ligi.

Roma nako alimkuta Francesco Totti, namba hapati. Hakununa. Mei 6, 2001 mjini Turin, Roma ikiwa nyuma 2-0 mbele ya Juventus, aliingia kuchukua nafasi ya Totti huyohuyo. Akaachia kombora la mbali, likazama wavuni. Dakika za mwisho akapiga lingine, kipa Edwin van der Sar akalitema, Vincenzo Montella akamalizia, 2-2. Mwezi uliofuata Roma ikatwaa ubingwa. Waulize mashabiki wa Roma kama yule bwana anadaiwa kitu.

Umaarufu aliupata, ila hakuuabudu. Alipochoshwa na magazeti ya kwao, alizungumza na mashabiki moja kwa moja kwenye tovuti yake, enzi ambazo mitandao ya kijamii haijashika kasi. Baada ya kustaafu alisafiri duniani, kisha akaizunguka Japan akikutana na wakulima, mafundi wa kazi za mikono na watengenezaji wa sake, pombe ya mchele. Leo anaitangaza sake hiyo kwa bidii ileile ya uwanjani.

Hapo ndipo shabiki anapaswa kujifunza. Tiketi inakupa haki ya kudai jasho kwa dakika 90. Haikupi haki ya kumpangia mtu lini aache. Wachezaji wangapi wamebaki mpaka wakazomewa na walewale waliokuwa wakiimba majina yao?

Mchezaji akisema basi, inatosha. Apigiwe makofi, aachwe aende. Nakata alitoa chake chote akiwa uwanjani, na ndiyo maana jina lake bado linatajwa kwa heshima, Japan na hata Italia.