Moba: Kabla ya kununua bidoni, uliza ilibeba nini

Bidoni ya maji ni mali ya kwanza katika nyumba ya mtu aliyekimbia vita. Toka Moba-Port hadi kule juu Kirungu, familia inaweza kukosa kitanda, lakini bidoni ya kuchotea maji lazima itafutwe. Kwa eneo linalosumbuliwa na kipindupindu, ni jambo jema. Shida ni bidoni na mapipa ya zamani yanayouzwa bila mtu kuuliza yalibeba nini.

Tuchukue mfano wa diethilamini. Inafanana na maji, haina rangi, na viwandani inatumika kutengeneza dawa, mpira na sumu za wadudu. Inachemka kwenye digrii 55 tu, na mvuke wake unashika moto hata penye baridi kali. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini, unapita chini ya mlango, unafika kwenye mbabula ya jirani, kisha moto unarudi hadi kwenye chombo. Ikigusa ngozi inaunguza. Ikiingia machoni inaweza kupofusha. Hata shaba na aluminiumu inazila.

Harufu yake ni kama samaki aliyeoza, imechanganyika na amonia. Si ajabu, maana samaki akioza, harufu inatokana na kemikali za ukoo huohuo wa amini. Mahali pengine pua ingemwonya mtu. Lakini bandarini, penye ndagala zimeanikwa kila upande, nani atashtuka? Mama atadhani bidoni ilibeba samaki, ataisuuza mara mbili na kuteka maji.

Lawama zisimwangukie mama huyo. Aliyetoka kijijini na watoto mgongoni ananunua cha bei ndogo. Anayepaswa kujibu ni muuzaji anayebandua karatasi ili chombo kionekane safi, wakati karatasi ile ndiyo inaonyesha alama ya ndimi za moto, alama ya tone linalokula mkono na chuma, na namba 1154, ambayo dunia nzima imeipa diethilamini.

Mafundi wa kuchomelea nao wajihadhari. Pipa tupu lenye mabaki ya mvuke linaweza kulipuka linapokatwa, na pengine ni hatari kuliko lililojaa.

Aliyemwagikiwa avuliwe nguo haraka na aoshwe kwa maji mengi, dakika 15 au zaidi, macho vilevile, kisha apelekwe hospitali. Aliyekunywa asilazimishwe kutapika, kwani itamuunguza koo mara ya pili.

Wakubwa wa bandari wanahesabu mizigo inayoshuka kutoka Kalemie, Kigoma na Mpulungu. Chombo chenye alama hizo kikiisha kumwagwa, kisifike sokoni. Na wanaogawa misaada wawape wahamiaji bidoni mpya, au zile zilizobeba mafuta ya kula.