Nishati safi imemkuta mwanamke jikoni, itamkuta lini barabarani?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

SERIKALI ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, ilijiwekea lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Aliyewekwa mbele katika mkakati huo ni mwanamke, kwa kuwa ndiye anayebeba kuni, anayevuta moshi na anayepoteza saa nyingi porini. Miezi miwili baadaye, Julai 25, 2024, treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na wakazi wa makao makuu wakashuhudia kwa macho yao kuwa umeme unaweza kuchukua nafasi ya dizeli.

Matukio hayo mawili yanahusu jambo moja, yaani nishati safi. Hata hivyo, katika lile la kwanza mwanamke anatajwa kila hatua, ilhali katika usafiri wa umeme ni nadra kusikia swali la sehemu gani ya ajira, ufundi na umiliki itakuwa yake. Swali hilo linapaswa kuulizwa sasa, na Dodoma ndiyo mahali panapofaa kuliulizia.

Sababu ya kwanza ni kwamba waamuzi wapo hapa. Bunge, wizara, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura) na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (Veta) zote zina makao yake katika jiji hili. Sababu ya pili ni ukuaji wa jiji lenyewe. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umepanuka kuelekea Mtumba, Nzuguni, Nala na Msalato, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 765,000 katika jiji. Umbali kati ya makazi na kazi umeongezeka, na pengo hilo limezibwa kwa kiasi kikubwa na bodaboda na bajaji.

Kazi ya jinsi moja

Kanuni za mwaka 2010 zilizoweka utaratibu wa leseni za pikipiki na bajaji za abiria hazikumzuia mwanamke. Pamoja na hayo, anayepita katika vijiwe vya jiji ataona kuwa biashara hiyo imebaki mikononi mwa vijana wa kiume. Mwanamke anaonekana zaidi akiwa abiria, mara nyingi na mzigo wa biashara yake mapajani.

Chanzo kimojawapo ni namna chombo kinavyopatikana. Vijana wengi huanza na pikipiki ya mkataba: mwenye mali hununua, dereva hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na muda waliokubaliana ukiisha chombo huwa cha dereva. Mkataba huo hutegemea zaidi kufahamiana na kudhaminiwa kijiweni kuliko karatasi. Asiye mwanakijiwe hana mdhamini, na asiye na mdhamini hapati chombo. Tukiongeza hofu ya safari za usiku na majukumu ya nyumbani, si ajabu kwamba wasichana wachache mno hujaribu.

Ufundi nao umefuata mkondo huo huo. Fundi pikipiki wa kawaida hakupita darasani. Alianza kwa kushika spana chini ya mti, akamtazama mkubwa wake akifungua injini, kisha baada ya miaka kadhaa akaanza kujitegemea. Ni shule nzuri, lakini ni shule ambayo wazazi wengi hawawezi kumruhusu binti wa miaka 16 kukaa humo kutwa nzima.

Karakana inayobadilika

Hapa ndipo umeme unapoleta jambo jipya. Pikipiki ya umeme haina pistoni, kabureta wala oili ya injini. Ina betri, mota, nyaya na kifaa cha kielektroniki kinachoongoza mtiririko wa umeme. Matatizo yake hugunduliwa kwa kipimo cha umeme na programu ya kompyuta, hayagunduliwi kwa kusikiliza mlio wa injini. Fundi wa zamani mwenye uzoefu wa miaka 20 na msichana aliyemaliza mafunzo ya umeme wanaanza karibu mstari mmoja.

Kwa maneno mengine, maarifa yanayotakiwa yanahama kutoka kijiweni kwenda darasani, mahali ambapo msichana anaweza kuingia bila kuomba ruhusa ya mtu. Vyuo vya Veta vina fani za umeme, na mkondo wa amali ulioanza katika baadhi ya sekondari mwaka 2024 unawafikisha wanafunzi kwenye ufundi mapema zaidi. Waraka wa Novemba 2021 unaoruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurejea shuleni umefungua mlango mwingine kwa kundi ambalo lilikuwa limeachwa nje.

Hesabu ya uendeshaji nayo inavutia. Betri ya pikipiki yenye uwezo wa uniti tatu hivi huweza kuiendesha kilomita 70 au zaidi. Kwa bei ya kawaida ya umeme ya takriban Sh356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni Sh1,100 hivi. Pikipiki ya petroli ingehitaji lita mbili kwa umbali huo, na Dodoma hulipa petroli ghali kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya gharama za kuisafirisha kutoka pwani. Faida hiyo ndiyo itakayovuta wawekezaji, na wakishaingia, nafasi zitajazwa haraka.

Mtaji na kikundi

Kikwazo kikubwa kinabaki kuwa mtaji, kwani chombo cha umeme na betri yake huhitaji fedha nyingi mwanzoni ingawa gharama za kila siku ni ndogo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini katika familia nyingi hati bado ina jina la mume au kaka, na benki hudai dhamana.

Mlango uliopo ni mkopo wa halmashauri usio na riba. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kutokana na urejeshaji hafifu na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya uliohusisha pia benki katika halmashauri 10 za majaribio.

Tatizo ni kwamba mkopo huu hutolewa kwa kikundi, ilhali pikipiki huendeshwa na mtu mmoja. Wanawake 10 hawawezi kugawana usukani, na ugomvi wa nani aliendesha jana na alipata kiasi gani huweza kuvunja kikundi kabla ya marejesho ya kwanza. Lakini kituo cha kuchajia na kubadilishia betri ni jambo tofauti. Kinakaa mahali pamoja, kinahitaji watu wa zamu, kitabu cha mahesabu na uaminifu. Kinafanana sana na kibanda cha wakala wa fedha za simu na na Vicoba, kazi ambazo wanawake wa mijini wamekwisha kuzizoea. Dereva wa kiume akifika kubadilisha betri, fedha yake ingeingia katika mfuko wa kikundi cha kina mama.

Wengine wamefanyaje?

Mfano wa karibu na mazingira ya Chamwino, Bahi au Kongwa upo Zimbabwe. Kampuni ya Mobility for Africa, iliyoasishwa na Shantha Bloemen, ilianza mwaka 2019 kuwakodisha wanawake wa vijijini wilayani Wedza magari ya umeme ya magurudumu matatu, huku betri zikichajiwa kwa nguvu ya jua. Wanawake walikodi kwa vikundi na kubebea mazao, maji na kuni. Katika nyanda za kati, ambako zabibu, alizeti na madumu ya maji husafiri kichwani au kwa mkokoteni, guta la umeme lingekuwa na kazi tangu siku ya kwanza.

India nako, kampuni ya Ola Electric ilitangaza mwaka 2021 kuwa kiwanda chake cha pikipiki katika jimbo la Tamil Nadu kingeendeshwa na wanawake watupu, kwa lengo la kufikia 10,000. Uamuzi huo ulichukuliwa mwanzoni, kabla desturi ya kiwanda haijajengeka.

Onyo nalo lipo. Utafiti wa Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu (IRENA) wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wanawake walikuwa asilimia 32 ya waajiriwa wa sekta hiyo, ikilinganishwa na 22 katika mafuta na gesi. Ndani ya nishati jadidifu kwenyewe, walikuwa asilimia 45 katika kazi za utawala, lakini 28 tu katika kazi za sayansi na uhandisi. Teknolojia mpya iliwapa nafasi zaidi, lakini wengi waliishia ofisini.

Nini kifanyike

Muda si mrefu. Rwanda imeamua kuwa kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme, na Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2024 uingizaji wa magari yasiyo ya umeme. Wimbi hilo halitaishia mipakani.

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa vyombo vilivyopo Dodoma. Kwanza, Veta iweke ufundi wa vyombo vya umeme kuwa fani yenye nafasi maalumu za wasichana na mabweni ya kuwapokea. Pili, halmashauri zikubali vituo vya betri kama mradi halali wa mkopo wa asilimia nne, na jiji litenge maeneo yake katika stendi na masoko yanapojengwa. Tatu, takwimu za leseni na umiliki wa vyombo vya umeme zitolewe zikionyesha jinsi, ili Bunge liweze kuhoji kwa namba.

Bunge hilo lina uzoefu wa jambo hili. Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30, kwa sababu taifa lilitambua kuwa desturi iliyokomaa haijirekebishi yenyewe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sekta ya usafiri wa umeme katika nyanda za kati bado ni mbichi. Ikiachwa ikauke katika umbo la vijiwe vya leo, itahitaji miaka mingi na sheria nyingi kuikunja upya.