Ujumbe Uliopoteza Mwenyewe

Ushauri kuhusu mitandao ya kijamii karibu wote humlenga mtu mmoja mmoja: punguza muda, usibishane na usiowajua, fikiri kabla ya kuposti. Hauna ubaya. Ila hauelezi kwa nini simu ileile na bando lilelile leo humfikisha binti mahali salama, na kesho hutia hofu mwalo mzima wa wavuvi kwa habari ambayo hakuna ajuaye ilikotoka. Naona tofauti hiyo haitokani sana na tabia ya mwenye simu. Inatokana na jinsi watu walivyojipanga: nani kasema, kamwambia nani, na aliyeambiwa anatakiwa afanye nini. Kwa Mkoa wa Mara, ushahidi wa jambo hilo uko karibu.

Chukua ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulikuta asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamekeketwa. Mara ilikuwa asilimia 32. Sheria ya kuwalinda wasichana walio chini ya miaka 18 ilikuwapo tangu 1998, kwa hiyo katazo halikukosekana. Msimu wake hufika Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na taarifa kwamba binti wa boma fulani atapelekwa alfajiri haisaidii kitu ikiwa polisi hawajui boma lilipo, wala kijiji chenyewe hakimo kwenye ramani. Shirika la Hope for Girls and Women, alilolianzisha Rhobi Samwelly, lenye nyumba salama Mugumu na Butiama, lilishirikiana na mradi wa Crowd2Map kuliondoa tatizo hilo. Watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, ambao wengi wao hawatakanyaga Mara maishani, walichora barabara na nyumba kwa kutazama picha za setilaiti. Wenyeji wakaongeza majina, maana setilaiti haijui kijiji kinaitwaje. Kisha vijijini wakawekwa watu waliofunzwa na kupewa simu janja ili wapeleke taarifa. Tazama mpangilio wake: mtoa taarifa anajulikana, mpokeaji anajulikana, na gari lina njia ya kufuata.

Wenye umri mkubwa hawatashangaa. Mwaka 1973, Mwalimu Nyerere wa Butiama akiwa Rais, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na kitabu cha kusoma. Kipindi kikiisha watu walijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Redio peke yake ingewaacha wakiwa wamesikia tu. Grupu la WhatsApp lina mengi ambayo vikundi vile havikuwa nayo, picha, sauti, majibu ya papo hapo, na aghalabu linakosa kimoja walichokuwa nacho wao: kazi ya kufanya baada ya kusikia.

Pengo hilo huonekana vizuri kwenye mialo ya Musoma na Bunda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na kuanikwa asubuhi. Mvua ikiwakuta hapo wanaharibika, na kilichokuwa kitoweo kinauzwa kama chakula cha kuku. Mamlaka ya Hali ya Hewa huweka tahadhari zake mitandaoni, zikiwa na tarehe ya kutolewa na siku zinazohusika. Mtu anaipiga picha kwenye skrini, anakata sehemu ya juu ili maandishi yaonekane makubwa, anafowadi. Siku tatu baadaye tahadhari ileile bado inazunguka, haina tarehe, na mama mwenye dagaa hajui aanike au asubiri. Hakuna aliyedanganya. Taarifa ya kweli imepoteza mwenyewe njiani. Admini mmoja anayeleta tangazo kutoka ukurasa wa mamlaka kila asubuhi, na kufuta la jana, angemaliza shida hiyo kwa bando dogo sana.

Utaambiwa wengi wana kitochi, kwa hiyo faida ni ya wachache. Ni kweli kwa anayehesabu simu. Lakini redio moja ilihudumia kikundi kizima. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kundi linalojuana huficha pia. Ndugu wanaopanga kumkeketa binti nao wanaweza kuwa na grupu, wenye kusema na wenye kutenda wakijulikana, tena kwa siri kuliko wote. Hili sina namna ya kulikwepa: mpangilio huongeza nguvu ya nia yoyote. Ndiyo maana taarifa za wale waliopewa simu janja haziishii kwa wanakijiji wenyewe. Zinafika polisi na nyumba salama, palipo na mtu wa nje ya ukoo. Wala sheria haichukui nafasi ya mpangilio: ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu uongo uliokwisha kusambaa. Haimwambii mama aanike au asubiri.

Lipo pia jambo lisilowezwa na admini yeyote. Intaneti ilipozimwa nchini siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na kubaki imezimwa kwa siku kadhaa, magrupu yalinyamaza pamoja, ya umbea na ya maana. Grupu la watu wanaojuana kwa majina ya mtandaoni tu lilikuwa limekwisha kwa siku hizo. La watu wa mwalo mmoja lilikuwa na pa kukutania: palepale wanapoanika.